Peasi Hataki Kuacha Ziwa

Kengele ya kutoka shule ilipogongwa, Skola alikuwa ameshafunga mfuko wake zamani, amekaa ukingoni mwa dawati, mguu mmoja uko tayari njiani. Wenzake ndiyo kwanza walikuwa wanainama kutafuta kalamu zilizoangukia chini. Yeye huyo, ameshapita lango, ameshakata kona ya zahanati, ameshateremka matuta ya kabichi kama maji yaliyofunguliwa kwenye mfereji. Pale Malindi, juu milimani Lushoto, njia ni kupanda au kushuka, na mvua za vuli zikianza ni kuteleza pia. Lakini Skola alizijua njia zote za mkato, hata ile inayopita nyuma ya vyoo vya watu.

Kilichomkimbiza namna hiyo kila siku ni Peasi.

Peasi alikuwa ndama wao, jike, rangi ya kahawia yenye vidoa vya njano, yaani ukimwona tu unasema huyu ni tunda limeota miguu. Alizaliwa msimu wa mapeasi, wakati kila nyumba ina ndoo imejaa mlangoni, na Skola ndiye aliyempa jina. Ndiye aliyemfuta kwa gunia asubuhi aliyozaliwa. Ndiye aliyemfundisha kula pumba, kwa kumpaka kidogo puani mpaka akajilamba mwenyewe. Hata ng'ombe aliyemzaa alipoteza jina lake siku ileile. Nyumba nzima ilianza kumwita Mama Peasi, utadhani ni jirani aliyekuja kuazima chumvi.

Nyumba yenyewe haikuwa na watu wengi. Alikuwapo baba, Mzee Kornelio, na mama, Secilia, ambao mchana kutwa walikuwa shambani kwenye karoti na kabichi. Alikuwapo kaka yake, Benjamini, wa sekondari, ambaye sauti yake siku hizi ilikuwa inapasuka katikati ya sala ya chakula. Na alikuwapo Bibi Evelina, mama wa baba, ambaye kwake dunia nzima ilikuwa zizi.

Bibi hakupenda kabisa kusikia mtu akisema "mtoto wa ng'ombe".

"Watu wa siku hizi mna uvivu wa kinywa," alimwambia Skola siku moja wakichambua mboga. "Mtoto wa ng'ombe, mtoto wa kuku, mtoto wa mbuzi. Kwani maneno yameuzwa? Anayenyonya ni ndama. Jike akishasahau ziwa ni mtamba, mpaka azae, hapo ndipo anaitwa mbuguma. Kuku jike anayekaribia kutaga ni tembe. Dume lisilojua kuwika ni pora, kama kaka yako."

Benjamini akataka kujibu, sauti ikamkatikia kooni, ikatoka nyembamba. Bibi akanyoosha mkono kumwonyesha, kama mwalimu anayeonyesha mfano ubaoni.

"Na mimi, Bibi?" Skola akauliza.

"Wewe mwanambuzi. Hakuna jiwe usilorukia."

Basi jina likaganda. Skola alibatizwa Scholastica, lakini Bibi hakuwahi kulitamka jina hilo. Asubuhi ni mwanambuzi amka, jioni ni mwanambuzi kalete kuni.

Sasa, kuhusu Peasi kulikuwa na jambo moja ambalo kila mtu nyumbani alilijua, na Skola alilijua pia, ila alikuwa amelisukuma kwenye kona ya kichwa ambayo haifagiliwi. Mama Peasi hakununuliwa. Aliletwa na kikundi cha wafugaji cha kijiji, akiwa mtamba, kutoka familia nyingine. Na kanuni ya kikundi ilikuwa wazi: ukipewa mtamba, jike wa kwanza atakayezaliwa utamlea, naye akiwa mtamba apelekwe kwa familia inayofuata. Hivyo ndivyo ng'ombe walivyokuwa wakihama kutoka banda hadi banda, mlima hadi mlima, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumzuia.

Familia iliyofuata ilikuwa ya Mama Sharifa, ng'ambo ya kijito. Mama Sharifa, jina lake Mwajuma, alilima karoti kwenye kipande chake cha mteremko, na mbolea alikuwa akiomba kwa majirani, debe leo, debe wiki ijayo. Binti yake Sharifa alikaa dawati moja na Skola. Kila siku baada ya shule alipita nyumbani kwao, akavua sare, akakata mzigo wa majani ya gwatemala kwenye matuta, akauleta kwa kina Skola na kuuweka horini. Huo ulikuwa utaratibu: anayesubiri mnyama anamletea majani, ili mnyama azoee harufu ya mikono yake kabla ya kuhama.

Skola alimpenda sana Sharifa. Majani yake ndiyo ambayo hakuyapenda.

Jioni moja, wakati wa chakula, Mzee Kornelio akasema kwamba Peasi ameacha ziwa vizuri, anakula majani bila shida, na kamati ya kikundi itakuja Jumamosi kumpitisha mbele ya mama yake. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema kesho ni zamu ya kupiga dawa viazi, kisha akaomba aongezewe maharage.

Skola aliona ugali umegeuka udongo mdomoni. Akasimama, akakaa. Akaenda kunywa maji, akarudi bila kunywa. Mama yake akamuuliza kama ana siafu kwenye sketi.

Alijua maana ya kupitishwa mbele ya mama. Kamati nzima husimama uani. Ng'ombe mzazi anafungwa mtini, kisha ndama anaachiwa. Akikimbilia ziwa, bado ni ndama, kamati inakunywa chai na kwenda zake mpaka mwezi mwingine. Akimnusa tu mama yake na kwenda kwenye majani, mwenyekiti anatamka mbele ya wote kwamba huyu si ndama tena, ni mtamba, na kamba inabadilisha mkono. Hawakutazama umri wala ukubwa. Walitazama ziwa tu.

Akikimbilia ziwa, bado ni ndama. Skola alilala na maneno hayo, akageuka nayo ubavu huu na ubavu ule, na asubuhi akaamka nayo.

Mchana ule alikimbia kutoka shule kuliko siku zote. Baba na mama walikuwa shambani, Benjamini alikuwa hajarudi, Bibi alikuwa jikoni karibu na moto, kidevu kifuani, anakoroma polepole. Kule bandani Peasi alikuwa kwenye kizimba chake, ametenganishwa na mama yake kwa ukuta wa mabanzi na mti mmoja uliolala kama komeo. Skola akautazama ule mti. Akatazama nyuma. Akaunyanyua.

Peasi alisimama kwanza, hakuelewa. Ilibidi Skola amsukume kiunoni, ampeleke mpaka kwenye kiwele, akamue tone kidoleni na kumpaka mdomoni. Alikuwa ameshaanza kusahau, maskini. Kisha akakumbuka. Mkia ukaanza kucheza huku na huku, povu likamjaa pembeni mwa mdomo, na Skola akahisi moyo wake unaruka pamoja na ule mkia. Kabla Sharifa hajafika na mzigo wake, mti ulikuwa umerudi mahali pake na Skola anafagia banda, tena kwa bidii ambayo haikuwa kawaida yake.

Akafanya hivyo kesho yake, na kesho kutwa, mpaka Jumamosi.

Jumamosi Mzee Rajabu, mwenyekiti wa kikundi, alikuja na wanakamati wake, makoti mabegani kwa sababu ya baridi. Mama Sharifa alikuja na kamba mpya ya katani aliyoisokota mwenyewe, imepakwa mafuta ikalainika. Sharifa ndiye aliyeibeba. Aliishika kwa mikono miwili mbele ya kifua, kama mtu aliyebeba sahani iliyojaa mchuzi.

Peasi akaachiwa. Hata hakunusa. Alipita moja kwa moja katikati ya watu, akampiga kikumbo mwanakamati mmoja, akajichomeka chini ya mama yake na kuanza kunyonya kwa kelele.

Watu wakacheka. Mzee Rajabu akasema huyu hajakua hata kidogo, ndama huyu, warudi mwezi ujao. Mzee Kornelio alikuna kichwa, akasema haelewi, maana alikuwa ameshaacha. Bibi Evelina akasema labda ameonja dunia akaona haina ladha.

Skola alicheka pamoja nao, mpaka alipomwona Sharifa. Sharifa alikuwa anaikunja ile kamba polepole, anaizungusha kwenye kiwiko chake, duara juu ya duara. Hakulalamika. Alimuaga Bibi, akaitikiwa, akaondoka nyuma ya mama yake.

Mngedhani Skola sasa angetulia. Alipata alichotaka, Peasi yupo, mwezi mzima upo. Wapi. Alikuwa kama mtu aliyekalia upupu. Darasani akiandika, goti linatikisa dawati mpaka Sharifa anamshika mguu. Kanisani anageukageuka mpaka mama anamfinya. Maana kazi haikuwa imeisha, ndiyo kwanza ilianza: Peasi akisahau tena, mwezi ujao kamba itarudi. Kwa hiyo kila mchana ni kukimbia, kunyanyua mti, kusikiliza miguu njiani, kurudisha mti.

Halafu maziwa yakaanza kupungua.

Ya asubuhi yalikuwa yaleyale. Ya jioni ndiyo yaliyokauka. Ndoo iliyokuwa ikijaa ikawa inafika nusu, kisha chini ya nusu. Mama Peasi mwenyewe, ng'ombe mpole aliyekuwa akikamuliwa huku anafumba macho, akaanza kuhamahama, anapiga kwato, anapiga mkia. Jioni moja alimpiga teke Mzee Kornelio, ndoo ikaruka, maziwa yote yakamwagika kwenye samadi. Baba akachutama na tochi. Kwenye chuchu mbili aliona mikwaruzo, na upande mmoja wa kiwele ulikuwa umevimba, una joto.

"Kuna mtu anamkamua mchana," baba alisema aliporudi ndani. "Tena kwa haraka, mpaka kucha zinamchuna."

"Mchana nani anakuja hapa?" Benjamini akauliza, sauti ikianzia juu na kuishia chini. "Ni Sharifa tu. Na kwao hawana maziwa."

Mama akasema watu wasiseme jambo wasilolijua. Bibi akasema pora akishindwa kuwika basi na adonoe kimya. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na baba hakulikanusha. Alikaa anatazama ile ndoo tupu.

Skola alikuwa mlangoni. Mdomo ulifunguka. Ingetosha wakati ule kusema neno moja, mimi, na mambo yangeishia palepale, kwa kiboko labda, au kwa kelele za mama. Mdomo ukajifunga. Akatoka nje kwenye ukungu, akazunguka nyumba, akazunguka tena.

Kesho yake Mzee Kornelio alimwambia Sharifa, kwa upole, kwamba majani apumzike kwanza kuleta. Sharifa akauliza kama amekosea kitu. Baba akasema hapana, tutaongea na wakubwa. Kwa kijiji kama Malindi hiyo ilitosha. Habari ilipanda mteremko yenyewe. Shuleni kijana mmoja wa darasa la saba akaanza kulia kama ng'ombe kila Sharifa akipita, mwingine akamuuliza kama chai ya kwao siku hizi ni nyeupe. Sharifa alichukua mfuko wake na kuhamia dawati la mwisho, peke yake. Skola akabaki na dawati zima, na goti lake likatikisika bila mtu wa kulishika.

Siku hiyo Skola aliapa kuacha. Alifika nyumbani, akakaa na Bibi jikoni kwa nguvu, akakamata kisu na kuanza kumenya viazi. Kule bandani Peasi akaanza kulia. Saa yake ilikuwa imefika na yeye aliijua. Alilia, akagonga mabanzi kwa kichwa, akagonga tena, kisha kukawa kimya. Skola akaenda kuchungulia. Mti wa kizimba ulikuwa chini. Peasi alikuwa amejifunza kuusukuma kwa paji la uso, na sasa alikuwa chini ya mama yake, ananyonya, huku Mama Peasi anatetemeka kwa maumivu na kumwacha tu, kwa sababu ni wake.

Skola akamtoa, akaufunga mti kwa kitambaa. Kesho yake kitambaa kilikuwa kimetafunwa.

Kikundi kikaitisha kikao Jumamosi, palepale uani kwa Mzee Kornelio. Kanuni ya kikundi haikuwa na huruma kwa jambo hilo: anayesubiri akimdhuru mnyama wa anayempa, zamu yake inafutwa. Wanakamati walikaa kwenye mabenchi. Mama Sharifa alikaa upande, Sharifa karibu yake, macho kwenye vidole vya miguu. Skola alikuwa amesimama nyuma ya Bibi, anabadilisha mguu mmoja na mwingine.

Mzee Kornelio alieleza alichokiona, akimwonyesha Mama Peasi aliyefungwa mtini: maziwa, mikwaruzo, uvimbe. Hakutaja jina la mtu. Mzee Rajabu alimgeukia Mama Sharifa, akamwomba aseme chochote alicho nacho.

Mama Sharifa akasimama, akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Mwenyekiti, sikuja kubishana. Nilimuuliza mwanangu mara moja, akaniambia hapana, na sikumuuliza mara ya pili. Mtamba mpeni mwingine. Mbolea nitaendelea kuomba, nimeshazoea. Lakini nataka mtu mmoja hapa aseme mbele ya watu kwamba Sharifa si mwizi. Ng'ombe naweza kumwacha. Jina la mtoto siliachi."

Mwanakamati mmoja akakohoa. Ndipo kutoka bandani ikasikika sauti. Du. Kichwa kwenye mabanzi. Peasi. Saa yake.

Skola aliisikia mpaka kwenye meno. Du, tena. Angeweza kusubiri. Mti ungeanguka, ndama angetoka, watu wangeona wenyewe na labda wangesema ni ndama mjanja, kajifungulia, basi. Hakuna ambaye angejua mkono ulioanza. Aliliona hilo wazi kabisa, kama njia ya mkato inavyoonekana ukiwa juu ya mlima. Halafu akamwona Sharifa, ambaye alikuwa ameinua macho na kumtazama yeye. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri tu, kama alivyosubiri Peasi akue.

"Sharifa si mwizi," Skola akasema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Sharifa si mwizi. Ni mimi. Nilikuwa namfungulia Peasi anyonye kila siku, ili mkija mumkute bado ndama. Sikutaka aondoke. Halafu nikataka kuacha, nikashindwa, anafungua mwenyewe."

Kabla mtu hajavuta pumzi, mti ukaanguka kule bandani. Peasi akatokea uani, akawapita wote bila salamu na kwenda kujichomeka chini ya mama yake aliyefungwa mtini. Mama Peasi akapinda mgongo kwa uchungu. Mzee Kornelio akakimbia kumtoa, akainua mdomo wa ndama, akatazama meno, kisha akatazama zile chuchu.

Aliposimama hakumwendea Skola. Alimwendea Sharifa. Mtu mzima yule, akavua kofia.

"Mwanangu, nilikudhania vibaya na nikakunyamazia. Nisamehe."

Sharifa akasema kwa sauti ya chini kwamba yameisha, Baba Beni. Benjamini naye akasukumwa na Bibi kwa fimbo mpaka mbele, akaomba radhi kwa sauti mbili, moja nene na moja nyembamba, na kwa mara ya kwanza siku ile Sharifa akaficha kicheko kwenye ushungi wake.

Mama Secilia alikuwa ameshamshika Skola mkono, na mshiko wenyewe ulionyesha yanayokuja. Lakini Mama Sharifa akamwomba amwache kwanza.

"Mama Beni, fimbo haitamwachisha huyu ndama. Hapa hataacha, anamwona mama yake kila siku. Mwenyekiti akiruhusu, aje kwangu sasa hivi. Ziwa ataliachia huko. Na huyu binti," akamwelekea Skola, "alikuwa na mbio za kumnyonyesha, basi awe na mbio za kumlisha. Majani aliyokuwa akileta mwanangu hapa, yeye ataleta kwangu. Kila siku, mpaka mtamba apatikane."

Mzee Rajabu akawatazama wenzake, wakatikisa vichwa kukubali.

Basi Peasi akavuka kijito jioni ileile, anavutwa na kusukumwa, analia mlima mzima ukasikia. Mama Peasi akaitiwa bwana mifugo, akapewa dawa ya kiwele, na taratibu akaanza tena kufumba macho wakati wa kukamuliwa.

Na Skola? Kila siku baada ya kengele alikimbia vilevile, ila sasa alikimbilia kwenye matuta na mundu. Mzigo wa gwatemala una tabia yake. Majani yanakata shingo, umande unakuingia mgongoni, na njia ya kijito ukipanda na mzigo si ile uliyoshuka mikono mitupu. Siku za mwanzo Peasi alipomwona alilia na kumnusa sketi akitafuta njia ya kurudi, na Skola alilazimika kuweka majani na kuondoka bila kumgusa, maana Mama Sharifa alikataza. Alirudi nyumbani anafuta uso kwa kiganja chenye vumbi la majani. Sharifa hakuwa akisema mengi. Siku moja alimkuta Skola amekwama katikati ya kijito, mzigo umeinama upande, akashuka kimya akashika upande wa pili. Wakapanda pamoja. Kesho yake darasani mfuko wa Sharifa ulikuwa umerudi kwenye dawati la mbele, na goti la Skola lilipoanza, mkono ukalishika.

Kamati ilirudi siku ya ukungu mzito, watu wanaonana nusunusu. Peasi aliletwa uani kwao kwa zamani, amejaa kifua, shingo imenenepa. Mama Peasi alikuwa amefungwa palepale mtini. Peasi akaachiwa.

Akatembea, hakukimbia. Akafika kwa mama yake, akamnusa shingoni, akamnusa kiweleni. Skola alisimama hatua chache tu kutoka hapo na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi miguu yake yote miwili ilikuwa imetulia ardhini. Peasi akainua kichwa. Akampita mama yake, akampita na Skola, ubavu wake ukimgusa kidogo, akaenda mpaka kwa Sharifa aliyekuwa na majani mikononi, na kuanza kula.

"Huyu si ndama tena," Mzee Rajabu akatamka. "Ni mtamba."

Sharifa alikuwa na ile kamba ya katani. Kwa utaratibu, nyumba inayotoa ndiyo inayomfunga mnyama kabla ya kumkabidhi, na Mzee Kornelio aliichukua kamba, akaigeuza mkononi, kisha akampa binti yake. Skola akaifunga mwenyewe shingoni mwa Peasi, akalegeza isimbane, na kuweka ncha yake kwenye kiganja cha Sharifa.

Mama Sharifa akamvuta karibu.

"Sikia, mwanangu. Ulimpenda, hilo hakuna anayelikataa. Ila mnyama unayempenda unamwacha akue, hata kama kukua kwake kunampeleka kwa mwenzio. Ulipomzuia abaki mdogo, ulimuumiza yeye, ukamuumiza mama yake, ukamuumiza na rafiki yako. Na uongo nao ni hivyohivyo. Ukiunyonyesha kila siku unaota meno, mwisho unafungua mlango wenyewe. Afadhali uuachishe mapema, ungali mdogo."

Skola akaitikia, "Ndiyo, Mama Sharifa." Akabaki anatazama mpaka wale wawili na mtamba wao walipomezwa na ukungu wa kijito, na hata baada ya hapo alisikia kwato kwa muda.

"Scholastica," mtu akaita kutoka jikoni. "Kalete ndoo, ng'ombe anasubiri kukamuliwa."

Skola akageuka kutazama ni nani anaitwa. Uani hapakuwa na mwingine. Bibi Evelina alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, uso umekaza, anajifanya hajasema kitu kipya.

"Na mimi je, Bibi?" Benjamini akauliza kutoka kwenye rundo la kuni. "Mimi nitaitwa lini Benjamini?"

"Wewe," Bibi akasema, akirudi ndani, "wika kwanza tusikie."